Mama na Gari la Milango Miwili

  Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo weka kikombe chako cha chai karibu.

Najua wengi wenu mmeiona ile picha. Mchungaji ameketi ndani ya gari jekundu la milango miwili, mkono kwenye usukani, katika yadi moja ya Ngong Road. Imezunguka WhatsApp kuliko tangazo lolote la mkesha nililowahi kutuma. Kuna aliyeandika chini yake, "Sadaka zetu hizo." Mwingine akaandika, "Na kondoo wanapanda matatu." Sijakasirika. Mshirika ana haki ya kuuliza pesa za nyumba ya Mungu zinaenda wapi, na vitabu vya hesabu viko kwa mweka hazina. Njoo uvisome siku yoyote.

Lakini gari lile si langu. Nilikuwa nimemsindikiza mama mmoja wa kanisa letu kutafuta gari. Amenipa ruhusa nikusimulie, mradi nisimtaje jina. Alinichukua kwa sababu anajua kabla ya chuo cha Biblia nilishika spana Grogan, pale Kirinyaga Road, kwa miaka 2. Mungu hatupi kitu, mpendwa. Hata ile grisi ya ujana wangu imepata kazi ya huduma.

Sasa nisikize vizuri, kwa sababu katika safari hii nilijifunza mambo ambayo sikuyapata darasani.

Mama huyu ni muuguzi mstaafu. Amelea watoto 4 baada ya mumewe kulala, na wote wamesoma wakamaliza. Mnaijua Probox yake. Imebeba sufuria za harusi, magodoro ya watoto wa bweni, kinanda cha kwaya, na wagonjwa saa nane za usiku. Kukiwa na matanga mashambani, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni yeye, na huwa hapigiwi kuulizwa kama ana nafasi. Huwa anaambiwa tu ni saa ngapi.

Alipokuja ofisini aliniambia, "Pasta, nimebeba watu miaka 31. Nataka gari zuri, la milango miwili, lenye mwendo. Nataka mtu akiniuliza kama kuna nafasi niseme hakuna, na niwe nasema ukweli."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo: "Je, ni dhambi?"

Kutaka kitu kizuri ni dhambi?

Mpendwa, kuna watu waliokoka lakini wakafikiri Mungu anapendezwa na kila kitu kilichochakaa. Ukivaa nguo mpya wanauliza umepata wapi. Ukinunua kitanda kizuri wanakuombea toba. Soma 1 Timotheo 6:17. Paulo anawaonya wenye mali wasijivune wala wasiweke tumaini lao kwenye mali, na katika pumzi hiyohiyo anasema Mungu hutupa vitu kwa wingi ili tuvifurahie. Onyo na ruhusa vinakaa kwenye mstari mmoja.

Tena soma Yohana 12. Mariamu anamwaga marhamu ya thamani miguuni pa Yesu, na yuko mtu mezani ambaye tayari ameshapiga hesabu: hii ingeuzwa dinari 300. Anataja maskini, lakini Yohana anatuambia mtu huyo alikuwa mwizi wa mfuko. Si kila anayepigia hesabu baraka za mwenzake anawafikiria maskini.

Kwa hivyo sikumuuliza mama kama gari ni dhambi. Nilimuuliza maswali matatu. Pesa ni zako au ni za deni? Kuna mtu atalala njaa kwa sababu umelinunua? Na ukilipoteza kesho, utabaki na imani yako? Alinijibu yote matatu bila kuhema. Pesa zilikuwa sehemu ya malipo yake ya kustaafu. Nyumba anayo. Fungu lake la kumi mnajua halijawahi kuchelewa. Na kuhusu kupoteza alisema, "Pasta, nilimzika mume wangu nikiwa na miaka 34. Gari ni bati."

Hapo nikachukua koti langu, tukaenda.

Hesabu ya mnara

Katika Luka 14 Yesu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asikae kwanza chini apige gharama, asije akawa kichekesho cha majirani. Magari ya aina hii yamejengea watu wengi minara isiyoisha. Zunguka mitaa yetu utaona gari la kifahari limefunikwa turubai tangu mwaka juzi, kuku wametaga chini yake. Mwenyewe alikuwa na pesa za kulinunua, hakuwa na pesa za kuwa nalo.

Bei ya gari si gharama ya gari. Andika hiyo.

Mama alifungua daftari tukaandika pamoja. Tairi za gari la michezo ni pana na ukuta wake ni mwembamba, shimo moja la barabara zetu linaweza kukata tairi na kupinda rimu pamoja. BMW nyingi za aina hii huja na tairi zinazoweza kutembea kidogo hata bila upepo, na kwa hivyo buti halina tairi la akiba. Taa ya mbele ikivunjika, mara nyingi hubadilishi balbu, unabadilisha taa nzima. Kioo cha mlango hakina fremu, kwa hivyo raba zake zikichoka mvua inakuja kukusalimia ndani. Gari liko chini, na matuta yetu hayana huruma. Bima kubwa hupigwa kwa thamani ya gari. Na siku ya kuuza, wanunuzi ni wachache, kwa sababu Mkenya wa kawaida anataka milango minne na nafasi ya magunia.

Ukitaka kuagiza Japan, kuna hesabu nyingine. Sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, ndiyo maana mwaka 2025 mwisho ulikuwa magari ya 2018. Lazima usukani uwe upande wa kulia, na likaguliwe kabla ya kupanda meli. Likifika Mombasa, KRA haishiki bei uliyomlipa muuzaji. Inaanza na orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inapunguza kulingana na umri, kisha inatoza ushuru wa forodha, juu yake ushuru wa bidhaa, juu yake tena VAT ya 16%, pamoja na ada nyingine. Injini ya petroli ikizidi 3000cc, ushuru wa bidhaa peke yake ni 35%. Wako watu walioshangilia bei ya mnada wa Japan kwenye simu, wakaja kulilia Mombasa.

Mama aligawanya pesa zake mara mbili kabla hatujaangalia gari hata moja. Sehemu kubwa ya kununua, na sehemu ya kukaa benki kwa ajili ya kulitunza. Akasema hiyo ya pili haiguswi hata muuzaji akilia machozi. Na hakukopa. Mithali 22:7 imetuonya mkopaji huwa mtumishi wa nani. Ukikopa kununua shamba la kukulisha, hiyo ni habari nyingine. Lakini kukopa ili watu wageuze shingo ukipita, mpendwa, hao watu hawatakusaidia kulipa.

Gari la kwanza: boneti ya moto

Hilo ndilo la picha. BMW 420i, jekundu. Mama alipoliona alinyamaza kabisa, nami nikajua tuko hatarini. Waswahili walisema, akipenda chongo huita kengeza. Mnunuzi aliyependa haoni. Ndiyo maana unahitaji mtu wa kusimama kando yako ambaye hajapenda. Kwa gari, na kwa ndoa pia. Vijana mnanisikia?

Tulikuwa tumewaambia tutafika saa tatu asubuhi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Walikuwa wameshaliwasha kabla hatujafika.

Kwa nini hilo ni jambo? Kwa sababu injini ya baridi haijui kudanganya. Ukiiwasha ikiwa imelala usiku kucha, inakuonyesha moshi wake, inakusikilizisha cheni yake, inatetemeka kama ina ugonjwa. Injini fulani za BMW za silinda 4, zile za N20 za miaka ya mwanzo, zina sifa ya plastiki zinazoongoza cheni kuchakaa, na mlio wake unataka usikilizwe mapema asubuhi. Ikishapata moto, makelele mengi hujificha. Ni kama sisi. Jumapili saa nne, baada ya sifa, kila mtu ni mtakatifu. Mungu anatujua tukiwa baridi, Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajatupasha moto.

Mita ilisoma kilomita 48,000. Lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja hadi laini, usukani unang'aa kama kikombe cha bati, na kiti cha dereva kimebonyea. Kilomita 48,000 hazifanyi hivyo. Niliomba karatasi ya mnada kutoka Japan, ambayo huandika kilomita za siku gari lilipouzwa kule. Nikaambiwa ilipotelea bandarini. Sikugombana na mtu, wala sikumwita mtu mwizi. Nilishukuru, tukaondoka.

Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kubeba mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko mmoja, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Mita iliyorudishwa nyuma ni jiwe la pili. Siku hizi jiwe hilo halionekani, linafanywa na kijana mwenye kompyuta kwa muda mfupi tu. Lakini ni chukizo lilelile.

Gari la pili: herufi R

Hili nitalipitia haraka. Ilikuwa Audi TT, safi machoni, na dalali alikuwa na karatasi ya mnada. Juu kulikuwa na herufi R. Mama akauliza R ni nini. Dalali akasema ni alama ya rangi halisi.

Familia, ukiona 4 au 4.5 kwenye karatasi hizo, gari liko vizuri kwa umri wake. 3.5 lina makovu. R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Si kila R ni mbaya. Kuna gari lililotengenezwa vizuri na linatembea. Lakini bei yake lazima iwe ya R, na mnunuzi lazima aambiwe. Hata wewe ni gari la R. Sote hapa tuligongwa, tukatengenezwa. Tofauti ni kwamba Bwana hakuficha karatasi zetu. Alijua kila kilichovunjika na bado akalipa bei kamili.

Sema Amina hapo ulipo.

Gari la tatu: taa iliyokataa kuwaka

Hapa ndipo nataka ukae.

Ilikuwa Mercedes-Benz, C-Class ya milango miwili, ya 2018, rangi ya fedha. Muuzaji si yadi, ni mtu binafsi, tena ni ndugu katika imani, mhudumu katika kanisa lingine. Yeye pia amekubali nisimulie. Boneti ilikuwa baridi. Injini ilinguruma vizuri. Bei ilikuwa nzuri, nzuri kidogo kupita kawaida. Mama aliketi, akaweka mikono kwenye usukani, akafumba macho. Nilijua anaomba au anashukuru.

Nikamwomba ashuke kidogo nikague dashibodi. Ukifungua swichi ya gari bila kuwasha injini, taa za onyo huwaka pamoja, kisha nyingi huzima moja moja. Gari linajikagua. Moja ya taa hizo ina picha ya mtu aliyeketi na kitu kama mpira mbele ya kifua. Hiyo ni ya mifuko ya hewa, ile inayofura kukukinga gari likigonga. Ikiwaka na kuzima, gari halijaona shida kwenye mifuko. Ikiwaka na kukataa kuzima, kuna shida. Lakini kuna hali ya tatu iliyo mbaya kuliko zote: isipowaka kabisa.

Haikuwaka. Nikafungua swichi mara ya pili, halafu ya tatu. Mtu alikuwa ameikata.

Nilipoinua macho, ndugu yule alikuwa ananitazama. Akanishika kiwiko, akanipeleka hadi kando ya tangi la maji. Akasema, "Pasta, wewe ni mtu wa Mungu, na mimi ni mtu wa Mungu. Liligongwa mwaka jana. Mifuko ilifura, na kuweka mipya nikaambiwa ni pesa nyingi. Lakini gari linaenda vizuri, na mama ni mtu wa pole pole. Nimesikia mnajenga. Nitawawekea laki mbili za mabati."

Mpendwa, unajua paa letu. Unajua mvua ikinyesha watoto wa Sunday school hukaa wapi. Nilikuwa nimeshauliza bei ya mabati, kwa hivyo najua laki mbili zinafunika upande gani. Na nilihitaji kufanya kitu kimoja tu: kunyamaza. Hata uongo sikuambiwa niseme.

Nilimwambia, "Ndugu yangu, nyumba ya Mungu haiezekwi kwa mifuko ya hewa ambayo haipo. Nenda umwambie mama mwenyewe. Nitakusubiri hapa. Ukishindwa, nitamwambia mimi."

Alisimama muda mrefu. Akaniambia kazi iliisha miezi minane iliyopita. Karo ya muhula imelala. Gari ndilo kitu pekee alichobaki nacho cha kuuza. Yote hayo yalikuwa kweli, na sikuyadharau. Umaskini ni mzigo mzito. Lakini hauwezi kutua mzigo wako kwenye kifua cha mtu mwingine bila kumwambia.

Akaenda. Akamwambia yote. Mama alimsikiliza kwa ule uso wa wauguzi, usio na hasira wala mshangao. Nilidhani atauliza bei mpya, au atamkemea. Aliuliza swali moja: "Baba, ni nani mwingine huendesha gari hili?"

Yule ndugu akasema, "Mke wangu. Huwapeleka watoto shule."

Halafu akajisikia alichosema. Akaketi pale pale kwenye ngazi ya nyumba yake, akashika kichwa.

Unaona, mpendwa? Alifikiri amemficha mnunuzi. Kumbe kwa miezi alikuwa amejificha mwenyewe. Taa ilipokatwa, hata yeye aliacha kuona hatari. Kila asubuhi alimpungia mke wake mkono, watoto wakiwa nyuma, na dashibodi ikiwa safi, haina onyo lolote.

Paulo anazungumza katika 1 Timotheo 4 juu ya watu ambao dhamiri zao zimechomwa kama kwa chuma cha moto hadi hazisikii tena. Hiyo ndiyo taa iliyokatwa. Roho Mtakatifu akikuwashia taa, usikasirike. Taa inayowaka ni rehema. Ulipotuma ule ujumbe wa simu kwa mume wa mtu, taa iliwaka. Ulipotia sahihi risiti ile kazini, taa iliwaka. Ukaona inasumbua, ukaikata: ukaacha ushirika wa nyumbani, ukabadilisha marafiki, ukanyamazisha simu ya mchungaji wako. Sasa una amani. Lakini si kila dashibodi iliyonyamaza ni ya gari zima. Kuna iliyonyamazishwa.

Nikuambie yaliyofuata. Mama hakulinunua. Tuliomba pale kwenye ngazi, sote watatu, na mke wake akatoka akajiunga nasi, akasikia kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinaombewa. Hiyo haikuwa dakika rahisi katika nyumba ile. Wiki chache baadaye ndugu alimuuzia fundi mmoja aliyeambiwa kila kitu, kwa bei iliyoshuka karibu milioni moja. Milioni moja, familia, kwa mtu asiye na kazi. Ukweli ulimgharimu pesa halisi, na Mungu hakumrudishia zote Jumatatu yake kama tunavyopenda kuhubiri. Bado anatafuta kazi. Muombee. Lakini alinipigia simu akasema, "Pasta, jana nimelala." Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa anayekiri na kuacha. Haikuahidi faida.

Gari la nne, na hati ndani ya chungu

Mama alipata gari lake. Ni Lexus RC 300h ya 2018, nyeupe, yenye injini ya 2500cc na mota ya umeme. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpole aliyeweka kila risiti ya huduma kwenye faili, na kilomita za risiti zinapanda kama ngazi bila kuruka. Tulilikuta baridi. Taa zote ziliwaka, zote zikazima. Fundi alilipandisha juu akaangalia chini, akapima na betri ya hibridi kwa kompyuta. Tairi zilikuwa nzee. Tarakimu 4 ubavuni mwa tairi hukuambia wiki na mwaka zilipotengenezwa, nazo hizo zilikuwa za 2018. Mzee akapunguza bei ya tairi bila kubishana.

Na mama hakusema maneno ya Mithali 20:14. Unaukumbuka ule mstari? Mnunuzi anaponda bidhaa hadi apunguziwe, kisha anaenda zake akijisifu. Uongo wa sokoni si wa muuzaji peke yake. Mama alisema, "Gari lako ni zuri, baba. Uwezo wangu ni huu." Wakakubaliana.

Soma Yeremia 32 ukipata nafasi. Nabii yuko kifungoni, Wababeli wamezingira mji, naye ananunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17. Angalia alivyolinunua: alipima fedha mbele ya mashahidi, akatia hati sahihi na muhuri, akaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo ikae siku nyingi. Hakusema, "Sisi ni jamaa, tuaminiane." Imani haifuti karatasi. Kwa hivyo tulitafuta rekodi ya gari NTSA kuona kama jina ni la mzee kweli, na kama kuna benki au mkopeshaji ameshikilia logbuku. Tukalinganisha namba ya chesisi. Pesa zikapita benki, si bahasha kwenye maegesho. Na uhamisho wa umiliki ukaanza siku ileile, si "tutamalizana baadaye". Baadaye ndiko wengi walikozikwa.

Nani anabeba nani?

Nimesikia maneno baada ya Jumapili iliyopita. Ati mama mzima. Ati viti vya nyuma ni vya mikoba. Ati sasa kwaya itasafiri na nini.

Wagalatia 6 ina mistari miwili ambayo ukiisoma haraka inaonekana kugombana. Mstari wa 2 unatuambia tusaidiane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu ana furushi lake mwenyewe. Kwa miaka 31 tulimhubiria mama huyu mstari wa 2, na sisi tukasahau kwamba ule wa 5 ulituhusu. Ameuza Probox. Mwezi uliopita kwaya ilikodi matatu kwenda Machakos, tukachanga, na watu wengi wakajua kwa mara ya kwanza safari ya kwaya inagharimu pesa ngapi. Mtu alikuwa analipa hizo pesa. Hakuwa anatoa risiti tu.

Jumamosi yake ya kwanza mama aliendesha peke yake hadi Naivasha. Akanywa chai akiangalia ziwa, akarudi. Nilimuuliza safari ilikuwaje. Akaniambia, "Pasta, hakuna aliyeniambia nisimame mahali."

Basi wewe unayenunua, kaa chini upige hesabu, gusa boneti, na uende na mtu ambaye hajapenda. Wewe unayeuza, sema ilipogongwa kabla hujaulizwa, hata ikikugharimu. Na wewe unayetazama baraka ya mwenzako, muulize kwanza alibeba nini hadi akafika hapo.

Na kama leo unasoma na kuna taa uliyoikata zamani, usingoje Jumapili. Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, turudishie taa zetu. Tuonyeshe tulichoficha kabla hakijamuumiza tunayempenda. Mpe kazi ndugu yetu, na umlinde mke wake na watoto wake barabarani. Wape pumziko wale wanaobeba wengine bila kuulizwa kama wamechoka. Na utufundishe kufurahia ulichotupa bila kukiabudu. Amina.

Kama kuna mtu amekubeba miaka mingi, usiandike Amina hapa. Mpigie simu leo, na usimwombe kitu.

Nawapenda. Tuonane Jumatano kwa maombi.
Mchungaji wenu.